Dawa za Kichina au dripu ya hospitali? Ulinganisho kwa mwenye saratani ya vifuko vya mayai, Unguja na Pemba

Neno saratani likishatajwa, familia nyingi hujikuta na njia tatu. Ya kwanza ni hospitali, yaani upasuaji na dripu ya dawa za kuua seli za saratani. Ya pili ni dawa za Kichina peke yake, iwe pakiti za mizizi na majani ya kuchemsha au makopo ya vidonge. Ya tatu ni zote mbili kwa pamoja, na hii ndiyo inayofuatwa kimyakimya: dawa iko jikoni, daktari hana habari.

Msimamo wetu tunautoa mapema ili msomaji asitusubiri. Uvimbe wenyewe unaondolewa na kisu na dripu. Dawa ya Kichina ina nafasi ndogo pembeni, kwa shida chache tu za mgonjwa, na haistahiki nafasi hiyo mpaka daktari aijue. Kwao China hawafanyi kinyume cha hayo. Mwongozo wa kutibu saratani hii huko unaanza na upasuaji na dawa za jamii ya platini, na mitishamba inaongezwa kando. Madaktari wa Kichina tunao hapa tangu 1964, timu za mkoa wa Jiangsu zinazopokezana Mnazi Mmoja na Abdulla Mzee, Mkoani. Daktari wa timu hizo akikuta uvimbe wa kutilia shaka kwenye kifuko cha mayai (ovari), anachotaka ni chumba cha upasuaji. Hatafuti chungu cha kuchemshia dawa.

Kwanza ijulikane: ni saratani au sivyo?

Ulinganisho mwingi wa mitaani huharibika hapa. Mtu anasema, "Fulani alikuwa na uvimbe, kanywa dawa ya Kichina miezi miwili, umeyeyuka." Huenda ni kweli kabisa. Mwanamke anayepata siku zake hutengeneza vifuko vya maji kwenye ovari kila mara, na vingi hutoweka vyenyewe katika wiki 6 hadi 12, dawa iwepo isiwepo. Anayekunywa dawa kwa miezi miwili hiyohiyo ataisifu dawa. Kwa hiyo ushuhuda wa uvimbe ulioyeyuka haufai kulinganishwa na saratani mpaka yaonekane majibu ya kipande cha nyama kilichosomwa kwenye hadubini.

Kipimo cha damu cha CA-125 nacho kinapotosha kikisomwa peke yake. Kikomo cha kawaida ni 35, lakini namba hupanda kwa mimba, hedhi, uvimbe wa mji wa mimba, maambukizi ya mirija, hata kifua kikuu cha tumbo. Ikishuka baada ya hedhi kupita, haijathibitisha kuwa dawa fulani imefanya kazi. Upande wa pili, saratani changa inaweza kuwepo na namba ikawa chini ya 35. Kipimo cha shingo ya kizazi hakioni ovari, hivyo aliyeambiwa "shingo ni safi" hajapimwa ugonjwa huu.

Dalili hazipigi kelele. Tumbo kujaa, kushiba kwa matonge machache, maumivu chini ya kitovu, kukimbilia chooni kwa mkojo kila saa. Kwetu hayo huitwa gesi, vidonda vya tumbo au chango, na miezi hupita kwa kuchuliwa na kunywa mizizi. Zikirudi karibu kila siku kwa wiki tatu na hazikuwa kawaida yako, hasa ukiwa umeshapita miaka 50, omba ultrasaundi ya nyonga. Mwenye mama au dada aliyeugua saratani ya ovari au ya ziwa asingoje hata hizo wiki tatu.

Na uvimbe wenye shaka usitobolewe kwa sindano ili "kutoa maji". Ukipasuka unaweza kumwaga seli tumboni, na ugonjwa uliokuwa ndani ya kifuko kimoja ukawa umetapakaa.

Njia ya hospitali, na inapokwama

Upasuaji kamili huondoa vifuko vyote viwili, mirija, mji wa mimba na ule utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo, pamoja na kila punje inayoonekana. Lengo ni kutobakiza kitu kinachoonekana kwa macho, maana kilichobaki ndicho kitakachoamua mengi mbele. Msichana ambaye ugonjwa wake uko kwenye kifuko kimoja tu anaweza kubakishiwa cha pili na mji wa mimba. Aulize kabla, maana akishaamka hakuna la kuuliza. Tumbo likiwa limejaa mno, daktari huanza na dripu tatu ili uvimbe upungue, akapasua, kisha akamalizia tatu.

Dripu ya kawaida ni dawa mbili, paklitakseli na kaboplatini, kila siku 21, mara 6. Paklitakseli hupimwa kwa eneo la ngozi ya mwili: miligramu 175 kwa kila mita ya mraba, kwa muda wa saa tatu. Mwanamke mwenye mita za mraba 1.6 atapata miligramu 280. Kaboplatini yenyewe hupimwa kwa figo. Daktari huchukua kasi ya figo kuchuja damu, huongeza 25, kisha huzidisha kwa 5 au 6. Figo inayochuja mililita 90 kwa dakika, ikizidishwa kwa 5, hupata miligramu 575. Figo iliyochoka inayochuja 40 hupata 325 tu. Ikumbuke hesabu hii, tutairudia kwenye pakiti.

Ugonjwa ukikamatwa ungali ndani ya kifuko, takriban wanawake 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano, kwa takwimu za nchi zenye matibabu kamili. Ukishatawanyika tumboni ni kama 3 kati ya 10. Wengi hugundulika wakiwa kundi hili la pili. Dripu huwapunguzia uvimbe wengi wao, na kwa wengi ugonjwa hurudi baadaye. Hayo ni kweli, na mgonjwa anastahiki kuyasikia. Muuza dawa huyatumia: "Si umeona, hospitali haiponyi." Asichosema ni kwamba kwa upande wake hana hata hao watatu wa kuonyesha.

Madhara ya dripu: nywele hutoka, vidole hufa ganzi, chembe nyeupe za damu hushuka, aghalabu kati ya siku ya 7 na ya 14. Joto likifika nyuzi 38 katika siku hizo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Usimeze panadol kabla ya kupima, itaficha homa na maambukizi yataendelea kuenea. Ganzi iseme mapema, tangu vifungo vya nguo vinapoanza kukushinda, kwani dozi inaweza kupunguzwa. Anayeona haya kuisema huishia kutembea kama anayekanyaga pamba, na hali hiyo inaweza isiondoke.

Tiba hii huharibika zaidi kwa kukatizwa. Mgonjwa hupata nafuu baada ya dripu ya tatu, tumbo limepungua, anaona bora apumzike nyumbani na dawa za miti. Seli zilizobaki ndizo zilizostahimili dawa, na hizo ndizo zinazokua.

Mti uliomo ndani ya dripu

Wanaosema hospitali inaidharau mitishamba hawaijui paklitakseli. Imetoka kwenye gome la mti, Taxus brevifolia, uliokusanywa Marekani mwaka 1962. Wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la kiini chake 1971, na mwishoni mwa 1992 ikaidhinishwa huko kwa saratani hiihii ya ovari. Kwa nini basi gome lisichemshwe tu? Kwa sababu kiini hicho hakiyeyuki kwenye maji, na kikimezwa utumbo hukisukuma nje. Chai ya gome hilo ingekupa sumu nyingine za mti huo, na dawa yenyewe isifike. Ndiyo maana huyeyushwa kwenye kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, na kimiminika hicho ndicho hasa kinacholeta mzio. Kwa hiyo kabla ya dripu hupewa deksamethasoni na dawa za kuzuia mzio. Asiyemeza vidonge alivyoagizwa usiku wa kuamkia dripu amwambie nesi kabla haijafunguliwa.

Sisi Wazanzibari tuna mfano wa karibu zaidi. Dawa mseto iliyoletwa visiwani 2003 na kusaidia kuishusha malaria imetokana na mmea wa Kichina uitwao qinghao, kazi iliyompa Tu Youyou Nobeli mwaka 2015. Lakini ni kiini kilichotolewa, kikapimwa, kikawekwa kwenye kidonge chenye kipimo kimoja kila siku. Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani hayo. Mmea kuwa na dawa ndani yake ni jambo moja. Dawa kukufikia kwa kipimo kinachotosha ni jingine.

Ndani ya pakiti ya Kichina

Pakiti ya siku moja mara nyingi ina mchanganyiko wa mimea kadhaa. Kwa wagonjwa wa saratani hukutana sana na huangqi, mzizi wa rangi ya manjano unaokatwa vipande virefu, gramu 15 hadi 30. Danggui, wenye harufu nzito. Lingzhi, uyoga mgumu kama gome. Baihuasheshecao na banzhilian, nyasi mbili zinazosifiwa kwa uvimbe. Na gancao, mzizi mtamu wa kulainisha ladha.

Hulowekwa nusu saa kwenye maji yanayofunika dawa kwa vidole viwili, huchemka, kisha moto hupunguzwa dakika 20 hadi 30, huchujwa. Hutiwa maji ya pili, huchemshwa tena, na maji ya mara mbili huchanganywa yakapata kama mililita 400, nusu asubuhi nusu jioni. Chombo ni chungu cha udongo au cha enameli. Sufuria ya alumini au ya chuma haifai kwa kuwa madini yake huingiliana na dawa. Kwa joto letu, maji yaliyolala nje usiku huchacha. Wakati wa masika, pakiti iliyofunguliwa huota ukungu ndani ya siku chache, na mwenye chembe nyeupe chache hana kinga ya kubeba ukungu huo. Unga wa kukoroga bila kuchemsha ni hatari zaidi kwake kwa sababu haukupita motoni.

Je, uvimbe unafanywa nini? Maabara, baadhi ya mimea hii imeua seli za saratani kwenye sahani. Sabuni ya unga nayo ingeziua. Swali ni kama kiasi kinachopita utumboni na ini kinafika kwenye uvimbe bila kumdhuru mwenye mwili, na hapo ushahidi wa kuaminika haupo. Hakuna pakiti iliyoonyeshwa kuiponya saratani ya ovari.

Kwa kumsaidia mgonjwa aliye kwenye dripu, hali ni ya kati. Hong Kong walifanya jaribio zuri, matokeo yakachapishwa 2011: wanawake 59 wa saratani ya ovari waliokuwa kwenye dripu, kundi moja likipewa dawa ya Kichina na jingine kinywaji cha kufanana nayo, wagonjwa wala madaktari wasijue nani kapewa nini. Ubora wa maisha haukutofautiana. Dalili chache tu za kinga ya mwili ndizo zilizoonekana kushikilia vizuri zaidi. Utasikia pia kwamba kumbukumbu za bima za Taiwan zinaonyesha wanaotumia mitishamba huishi zaidi. Zisome kwa hadhari. Aliyekufa miezi miwili tu baada ya kugunduliwa hakupata muda wa kwenda kuandikiwa mitishamba, kwa hiyo kundi la mitishamba limejaa waliokwisha kuishi.

Sasa irudie ile hesabu ya figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene huko Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mmea wa fangji. Kwa jina kukaribiana, ndani mliingia guangfangji, wenye asidi ya aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kuwapa sumu. Jina moja lilichukuliwa badala ya jingine. Mwanamke wa hapa akinywa pakiti yenye kosa kama hilo, figo ikashuka kutoka 90 hadi 40 na daktari hajapima upya, miligramu 575 zitakuwa karibu mara mbili ya anachostahiki. Chembe za kugandisha damu zitaanguka, ufizi utavuja, na lawama itaangukia dripu.

Makopo ya vidonge yana shida yake. Mwaka 2002 Marekani iliondolewa sokoni dawa ya mitishamba iitwayo PC-SPES, iliyosifiwa kwa saratani ya tezi dume. Ndani yake mlikutwa dawa za hospitali zilizofichwa, ikiwemo ya kuzuia damu kuganda. Kidonge cha mitishamba kinachokupa hamu ya kula na nguvu za ghafla siku ya pili kitiliwe shaka ya kufichwa steroidi, dawa za jamii ya deksamethasoni.

Kwa jicho moja:

| Swali | Hospitali | Kichina peke yake | Zote mbili |
|---|---|---|---|
| Uvimbe | Hupunguzwa au huondolewa | Hakuna ushahidi wa kuponya | Kazi ni ya hospitali |
| Muda | Dripu 6, wiki 18 hivi | Hauna mwisho uliopangwa | Wiki 18 hivi, pakiti ikiongezwa tu kwa ruhusa |
| Hatari kuu | Maambukizi, ganzi, damu kushuka | Ugonjwa kusonga mbele | Dawa kugongana, figo na ini |
| Nani anapima | Damu kabla ya kila dripu | Kwa kawaida hakuna | Daktari, akiambiwa |

Gharama hatukuziweka kwenye jedwali, maana bei za pakiti hutajwa kwa wiki na za hospitali kwa jumla. Kabla ya kusema ipi ni nafuu, zidisha bei ya pakiti kwa wiki 18, kisha uulize muuzaji ni wiki ngapi mpaka dawa iishe. Jibu la pili ndilo litakalokufundisha.

Ukiamua kuchanganya

Kuna ya kuacha kabisa. Danggui, danshen, chuanxiong na honghua hulegeza kuganda kwa damu. Zisitumike chembe za kugandisha zikiwa chini, wala kwa anayemeza wafarini (dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda). Ziachwe wiki mbili kabla ya upasuaji. Heshouwu limedhuru maini ya watu, na paklitakseli inategemea ini kuondoka mwilini. Gancao nyingi hupandisha presha na kushusha potasiamu, jambo baya kwa anayetapika. Fuzi ni sumu ya moyo isipochemshwa muda mrefu, na jikoni hakuna kipimo cha kuhakikisha. Tumbo likijaa maji, usikubali gansui au dawa kali ya kuharisha "kuyakausha": maji hayo yanatokana na saratani iliyopandikizwa kwenye utando wa tumbo, nayo huvutwa kwa sindano hospitali huku dripu ikishughulikia chanzo.

Siku mbili kabla ya dripu na tatu baada yake tunashauri usinywe pakiti yoyote, hata iliyoruhusiwa. Ni tahadhari tu, lakini pia ukiota vipele siku hiyo itajulikana vimetoka wapi.

Yanayoruhusiwa bila ugomvi ni machache, na hayahitaji duka. Tangawizi kavu iliyosagwa, robo hadi nusu kijiko cha chai kwa siku, hupunguza kichefuchefu ikiwa pamoja na dawa za hospitali (anayekunywa kahawa ya tangawizi barazani ameshaanza). Kutoka tiba ya sindano za Kichina chukua kubonyeza nukta ya neiguan: pima upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja kuelekea kiwiko, upande wa ndani, katikati ya kano mbili, bonyeza kwa dole gumba dakika mbili au tatu kila mkono. Kubonyeza hakuna hatari. Kuchomwa sindano kusubiri mpaka hesabu ya damu iwe nzuri.

Dawa ya Kichina iliyosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ina namba na jina la mtengenezaji. Kopo lenye herufi za Kichina tupu, bila orodha unayoweza kuisoma, libaki dukani, na muuzaji asiyekubali kuandika majina ya mimea yake usimwamini na mwili wako.

Kwa anayetoka Pemba, safari ya boti nayo iingie kwenye mpango. Panga damu ipimwe siku mbili au tatu kabla ya dripu karibu na nyumbani, Chake Chake au Mkoani, majibu yapigiwe simu. Dripu kwa kawaida haitolewi mpaka chembe nyeupe za kinga zifike 1.5 na za kugandisha 100 (kwa maelfu katika kila mikrolita ya damu), na kuvuka bahari ili kurudishwa kwa namba ndogo ndiko kunakowakatisha wengi tamaa kwenye dripu ya nne. Ramadhani mgonjwa wa dripu ana ruhusa ya kula na anahitaji maji. Ndugu walijue hilo kabla ya mwezi kuandama. Na kila safari abebe mfuko mmoja wa plastiki wenye kila anachomeza: vidonge vya hospitali, pakiti, makopo, habbasoda, mizizi ya shangazi. Vyote vimwagwe mezani kwa daktari kabla nesi hajaanza kutafuta mshipa.